Kumjenga mhusika ambaye msomaji hatamwacha

Msomaji humfuata mhusika anayetaka kitu ambacho, akikipata, atapoteza kingine anachokithamini. Hatua zote hizi zinatoka hapo.

1. Mpe haja inayoshikika. Tumbuni Mama Zuhura, kijumbe (mshika fedha) wa mchezo wa akina mama mtaani, ule wa kuchanga pesa na kuzipokea kwa zamu. Ukisema "anataka maisha bora" huna pa kuanzia. Sema anataka laki mbili kabla ya Ijumaa, mwanawe akaripoti kidato cha tano.

2. Mpe cha kulinda. Hii ndiyo hatua wanayoiruka wengi, na ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mama Zuhura ameshika fedha za wenzake miaka mingi, na haijapungua hata mia. Hana cheo wala mali. Heshima yake yote ni huo uaminifu. Na usiku huu fedha za mchezo ziko kabatini, chini ya kanga. Mhusika wako akipoa katikati ya hadithi, rudi hapa. Mara nyingi utakuta hana cha kupoteza.

3. Mfikishe njia panda, kisha usimwokoe. Asiokote pesa. Mjomba asitokee Muscat na bahasha. Achukue au aache, mwenyewe. Akichukua, andika mikono yake: anahesabu noti za elfu kumi, anarudisha moja, anafunga kabati, analifungua tena na kuichukua ile moja. Ukishaandika hivyo, futa "alijawa na majuto". Msomaji ameshaona.

4. Msikilize anavyosema. Mwenye la kuficha hukwepa swali:

"Mama Zuhura, kesho si ndiyo zamu yangu?"

"Karibu chai, shoga yangu. Mtoto homa imeshuka?"

Soma mazungumzo kwa sauti huku umefunika majina. Ukishindwa kujua nani anasema, wahusika wako wana mdomo mmoja, andika upya.

5. Sura na mavazi. Jambo moja au mawili yatosha.

6. Mpinzani naye awe na sababu zake. Shoga anayedai zamu yake asiwe mchongezi tu. Mwenye nyumba anamdai kodi, na pesa ni haki yake. Katika riwaya ya *Rosa Mistika* (1971), Euphrase Kezilahabi anatupa Zakaria, baba mlevi anayemchunga bintiye kwa kipigo asikaribiane na wavulana, na ukali huohuo unachangia kumpoteza Rosa. Ndiyo maana Zakaria anatuumiza. Baba katili asiyejali kitu tungemsahau mapema.

7. Kosa lizae jambo. Kama kesho yake Mama Zuhura ni yuleyule, noti zile hazikuwa na maana. Labda anaanza kuwakwepa wenzake kisimani, au anakuwa mkali kwa mwanawe, ambaye hajui ada ilikotoka. Mimi ningeanza na huyo mtoto: mwandikie onyesho akiaga asubuhi, sanduku mkononi, mama hamtazami usoni.