Kabla ya kununua tairi moja la gari la AWD

Ubavu wa tairi ukipasuka, wengi hununua tairi moja jipya, wakalifunga na kuendelea na safari zao. Gari linalovuta kwa magurudumu mawili huvumilia hilo bila makelele. Gari la AWD, ambalo injini yake hupeleka nguvu mbele na nyuma, halivumilii, kwa sababu magurudumu yake manne yameunganishwa kwa vyuma na yanatakiwa yawe na mzingo unaolingana. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, pima kwanza yale matatu yaliyobaki.

Chukua tairi lenye saizi ya 225/60R17 ubavuni. Likiwa jipya, kipenyo chake ni milimita 702 hivi, nalo huzunguka kama mara 454 kwa kilomita moja. Kashata, yaani mpira wenye mifereji unaogusa barabara, ikilika milimita 3, kipenyo hupungua milimita 6 na mizunguko hufika 458 hivi. Mizunguko minne si kitu machoni, lakini katika safari ya kilomita 300 inakaribia 1,200. Difu (giya zinazoruhusu magurudumu yazunguke kwa kasi tofauti) na klachi za kati (sahani zinazobanwa kuunganisha mbele na nyuma) zimeundwa kumeza tofauti kama hiyo kwa sekunde chache gari linapokata kona. Hapa zinaimeza kwenye barabara iliyonyooka, saa baada ya saa, bila kupumzika.

Kinachoumia hutegemea mfumo. Magari mengi ya siku hizi yana seti ya klachi inayounganisha ekseli (mhimili wa magurudumu) ya nyuma pale sensa zinapoona magurudumu ya mbele yanateleza. Tairi lililolika huzunguka haraka kuliko wenzake, kompyuta inaweza kudhani ni utelezi, klachi zinabanwa, zinasuguana, na oili inaungua. Mifumo yenye kapulingi (kiungo cha mbele na nyuma) ya majimaji ya silikoni hupata moto hadi kapulingi inakaba. Dalili za kusikiliza ni gari kukaza na kurukaruka likikata kona kali polepole kwenye lami kavu, mvumo unaopanda na kasi, harufu ya oili iliyoungua, au taa ya onyo kwenye dashibodi.

Hapa pana kosa ambalo hata mafundi wazuri hulifanya: kushauri matairi mawili mapya kwa ekseli moja, kama inavyofanywa kwenye magari mengine. Tairi moja likitofautiana, difu ya ekseli ile hugawa tofauti, na nusu yake tu ndiyo hufika kati. Ukifunga mawili mapya mbele na kubakiza yaliyolika nyuma, tofauti yote inaangukia hapo kati, kwenye transfa, yaani sanduku la giya linalogawa nguvu mbele na nyuma. Umetumia pesa maradufu na kuongeza mzigo maradufu.

Kupima si kazi ngumu. Jaza upepo kwanza kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango, matairi yakiwa baridi. Kisha tumia kipima kashata kwenye mfereji wa ndani, wa katikati na wa nje, sehemu tatu kuzunguka tairi, ukikwepa vile vituta vidogo vya alama vilivyo ndani ya mifereji. Andika namba ndogo kuliko zote kwa kila tairi. Matairi mapya ya magari madogo huanza na milimita 7 hadi 9 hivi. Vituta vile viko kwenye milimita 1.6, na kashata ikilingana navyo tairi limekwisha, mjadala umefungwa.

Njia ninayoiamini zaidi inahitaji chaki tu. Kwenye ardhi tambarare, gari likiwa limenyooka, chora alama sehemu ya chini kabisa ya kila tairi inapogusa ardhi. Lisukume mbele hadi tairi lenye kashata nyingi limalize mizunguko kumi, yaani mita 22 hivi kwa saizi ile ya juu. Sasa tazama alama za mengine. Tofauti ya milimita 1 ya kashata huonekana kama alama iliyotangulia kwa sentimita 6 hivi. Ya milimita 3 inatangulia kwa karibu sentimita 19. Kipimo hiki ni bora kwa sababu tairi limebeba uzito wa gari.

Kikomo kinachokubalika kimo kwenye kitabu cha gari. Wengi huruhusu tofauti ya milimita 2 au 3 za kashata, lakini Subaru ni wakali: tofauti ya mzingo isizidi robo inchi, ambayo ni kama milimita 1 tu ya kashata. Usitegemee namba za ubavuni peke yake. Matairi ya kampuni mbili yenye saizi ileile yanaweza kupishana kipenyo kwa milimita kadhaa, hivyo linganisha kampuni, muundo, saizi, namba ya uzito na herufi ya kasi.

Kama tairi limetoboka tu, tundu likiwa kwenye kashata na halizidi milimita 6, lizibwe kutokea ndani kwa kiraka chenye kizibo. Ubavu hauzibwi. Ikishindikana, tafuta tairi la aina ileile lililotumika lenye kashata inayokaribia wenzake, ukikagua tarakimu nne za mwisho wa maandishi ya DOT: 3522 ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Pengine utapata karakana yenye mashine ya kunyoa tairi jipya hadi lilingane. Linaonekana jambo la ajabu, lakini mpira unaonyolewa ni wa bei ndogo kuliko transfa. Mengine yakiwa yamebaki milimita 3, nunua manne.

Spea usiisahau. Ile nyembamba ni ya kufikia kwa fundi tu, kwa kasi iliyoandikwa juu yake, mara nyingi kilomita 80 kwa saa. Spea ya saizi kamili iliyolala miaka buti ni tairi jipya katika seti iliyolika, kwa hiyo iingize kwenye mzunguko: zungusha matairi matano kila kilomita 8,000 hadi 10,000, isipokuwa kama saizi za mbele na nyuma zinatofautiana au tairi lina mshale wa mwelekeo unaolibana upande mmoja. Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, ifanywe siku ya kufunga, la sivyo seti mpya italika bila ulinganifu.

Na kama gari limeshatembea mbali na matairi yasiyolingana, mwaga oili ya transfa na ya difu ya nyuma. Vumbi laini la kijivu kwenye sumaku ya kizibo cha kumwagia oili ni la kawaida. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole vinamaanisha transfa ifunguliwe kabla hujanunua tairi lolote.