Vinundu vya kusudi kwenye uzi wa sufu

Ukitaka uzi wa sufu wenye vinundu vinavyokaa, usihangaike navyo wakati wa kusokota. Vitengeneze baadaye, unapouunganisha na uzi mwingine mwembamba.

Sokota kwanza ule wa sufu kwa uhuru, hapa mnene pale mwembamba, ila msokoto uwe mwingi kuliko kawaida. Kama gurudumu la kusokotea lilizunguka kulia, sasa wakati wa kuunganisha lizungushe kushoto. Uzi mwembamba (wa kushonea unatosha) ukaze unyooke, na ule wa sufu ushike kwa pembeni, kama digrii 90. Utajizungushia wenyewe kwenye ule mwembamba. Ukifika sehemu nene, sukuma mapindi kwa kidole hadi yabanane, kisha endelea.

Mimi uzi wa kushonea ulikuwa ukinikatikia kila mara. Kumbe wa dukani kwa kawaida umesokotwa kulia, kwa hiyo kuuzungusha kushoto ni kuufumua! Siku hizi naupitisha kwanza kwenye gurudumu, kulia, niuongezee msokoto kidogo. Ukizidisha utajikunjakunja.

Tundu la gurudumu linalopitisha uzi likiwa dogo vinundu hukwama. Hapo tumia pia, yaani kijiti cha kusokotea kwa mkono. Osha kwa maji vuguvugu bila kusugua, sufu isije ikashikana.