Somo: AdBlue kwenye baridi kali, namna ya kuitumia na kuitunza

Baridi ikianza kuuma, magari ya dizeli yanayoletwa gereji kwa matatizo ya AdBlue huongezeka, na mengi nikiyafungua nakuta habari ile ile. Baridi yenyewe haikuharibu kitu. Kuna mtu alitaka kusaidia: akamimina maji ya moto, au akachanganya na dawa ya rejeta isiyogandisha, au akapasha tangi kwa moto wa gesi. Vifaa hivi ni ghali na vinauma mfuko wa mwenye gari, ndiyo maana nimeamua kuandika somo hili kwa urefu. Ukilimaliza, nataka ujue wapi uingize mkono wako na wapi uuache mfumo ufanye kazi yake.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. AdBlue, ambayo Marekani huitwa DEF, ni yurea asilimia 32.5 iliyoyeyushwa kwenye maji yaliyoondolewa madini, asilimia 67.5. Basi, hakuna kingine ndani. Haiingii kwenye dizeli. Ina tangi lake lenye mfuniko wa buluu. Injekta yake huipulizia kwenye bomba la moshi kabla ya katalisti ya SCR, yaani chombo cha kusafisha moshi. Joto la moshi huigeuza yurea kuwa amonia, na amonia ikikutana na oksidi za naitrojeni, zile gesi chafu za moshi wa dizeli, ndani ya katalisti, kinachotoka nyuma ni naitrojeni ya kawaida, ile ile tunayoivuta kwenye hewa, pamoja na mvuke wa maji.

Kwa nini 32.5 na si 30 au 40? Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Kwa kipimo hicho AdBlue huganda kwenye nyuzi -11 za Selsiasi, na hakuna mchanganyiko wa yurea na maji unaoweza kushuka chini zaidi ya hapo kabla ya kuganda. Ongeza maji, itaganda mapema. Ongeza yurea, nayo itaanza kujitenga mapema. Tena kwa kipimo hicho maji na yurea huganda pamoja na kuyeyuka pamoja, kwa hiyo tone la kwanza linaloyeyuka lina nguvu sawa na la mwisho. Waliochagua namba hii walijua kabisa kwamba gari litalala kwenye theluji.

Ikiganda hutanuka kwa takriban asilimia 7. Lita 10 zitataka nafasi ya ziada ya karibu lita 0.7. Kumbuka hesabu hiyo, tutairudia.

Hatua ya 1: Nunua kwa kiasi, soma lebo

Tafuta maandishi ISO 22241 kwenye dumu, kisha tarehe ya kutengenezwa. Dumu liwe na muhuri wake. Kimiminika chenyewe huonekana kama maji safi, na huwa na harufu hafifu ya amonia. Kikiwa na rangi au kina vitu vinavyoelea, usikitumie.

Gari hutumia takriban lita 3 hadi 5 za AdBlue kwa kila lita 100 za dizeli, mengine zaidi kidogo kutegemea mzigo. Piga hesabu ya safari zako, ununue cha kutosha msimu. Kujaza stoo hakuna faida.

Hatua ya 2: Mahali pa kuweka

Stoo nzuri ni ile inayokaa kati ya nyuzi -5 na 25, pakavu, pasipopigwa na jua. Watu wengi huogopa baridi ya stoo, kumbe adui mkubwa wa AdBlue iliyohifadhiwa ni joto. Ikikaa kwenye nyuzi 10 au chini ya hapo, hudumu miezi 36. Kwenye nyuzi 25 ni miezi 18, kwenye 30 ni 12, na kwenye 35 ni miezi 6 tu. Kwa hiyo yule anayelibeba dumu kutoka stoo yenye ubaridi kiasi na kuliweka kando ya hita miezi mitatu mfululizo anaipunguzia umri akidhani anailinda.

Chombo kiwe plastiki ngumu ya poliethilini au chuma kisichoshika kutu. Shaba ya aina yoyote, zinki, aluminiamu na chuma cha kawaida hapana kabisa, kwa sababu AdBlue huyala na kubeba madini yake hadi kwenye katalisti. Ndoo ya bati na faneli ya bati zimo kwenye katazo hili.

Wenye tangi kubwa la lita 1000 nje ya jengo wana kazi zaidi. Likishaganda lote, huchukua siku kadhaa kuyeyuka hata ukiliingiza ndani, kwa hiyo livishe blanketi la kupasha joto mapema, kabla baridi haijashuka. Na usilisahau bomba la mpira na pampu ya kujazia. Kiasi kidogo cha kimiminika huganda haraka kuliko kingi, hivyo tangi linaweza kuwa zima huku mpira umeziba na pampu imepasuka. Ukimaliza kujaza, rudisha kilichobaki kwenye mpira.

Hatua ya 3: Dumu limeganda

Liingize ndani penye joto la kawaida la chumba, mfuniko ukiwa umefungwa, uliache. Hilo ndilo tiba. Ukitumia kipashio, kisizidi nyuzi 30. Moto wa wazi na maji yanayochemka viache kabisa: plastiki itaharibika, na yurea ikipata joto kali huanza kuvunjika na kutoa amonia ya kukuwasha macho na koo. Subiri liyeyuke lote, likague pembe na mshono, kisha litumie. Nguvu yake haijapungua.

Hatua ya 4: Kujaza tangi la gari

Hapa naomba usisome kwa haraka. Barabara za majira ya baridi humwagiwa chumvi, na chumvi hiyo hukauka kando ya mfuniko wa buluu. Kiwango cha juu cha sodiamu kinachoruhusiwa kwenye AdBlue ni miligramu 0.5 kwa kilo. Chumvi ya kushika kwa ncha za vidole, tuseme theluthi moja ya gramu, ina sodiamu ya kutosha kuvuka kiwango hicho kwenye lita 200. Tangi lako pengine halifiki hata lita 100. Kwa hiyo futa kwanza kuzunguka mfuniko kwa kitambaa safi chenye maji, kausha, ndipo ufungue. Glovu ulizoshikia dizeli vua. Faneli iwe ya AdBlue peke yake, na ikae ndani ya mfuko safi.

Bomba la kujazia likijikata lenyewe, acha. Usiendelee kubonyeza hadi kimiminika kionekane mdomoni. Ile asilimia 7 inahitaji pa kwenda, na ikikosa, itapasua tangi au sensa.

Hatua ya 5: Asubuhi ya baridi

Washa gari kama kawaida. Injini haihitaji AdBlue ili iwake, na kompyuta ya gari inajua kwamba tangi limeganda. Maji ya moto ya injini yatapita kwenye mrija ulio ndani ya tangi, au waya za umeme zitapasha tangi na mipira, mpaka kipatikane cha kupulizia. Kwenye magari makubwa huweza kuchukua saa nzima. Kazi yako ni kuondoka na kuendesha taratibu. Injini iliyo kazini hupata moto mapema kuliko iliyosimama ikinguruma.

Usiongeze chochote tanguni. Dawa ya kuzuia dizeli isigande ni ya dizeli. Dawa ya rejeta ni ya rejeta. AdBlue haina dawa ya kuongezewa, na anayekuuzia moja anakuuzia katalisti mpya bila wewe kujua.

Hatua ya 6: Kuzima

Hii ndiyo hatua inayosahauliwa kuliko zote. Ukizima injini, mifumo mingi hubaki ikifanya kazi dakika chache zaidi: pampu hugeuza mwelekeo na kuvuta kimiminika kutoka kwenye injekta na mipira kukirudisha tanguni, ili kisigandie humo. Utaisikia ikivuma nyuma ya gari. Isubiri inyamaze ndipo ukate swichi kuu ya betri.

Niliwahi kuletewa basi lililopasuka pampu, likafungwa mpya, na wiki tatu baadaye likarudi na pampu mpya ikiwa imepasuka vilevile. Nilitafuta hitilafu ya umeme siku mbili sikuiona. Jioni ya siku ya pili nikamwomba dereva aniegeshee basi mbele yangu kama afanyavyo kila siku. Alizima, akashuka, akakata swichi ya betri, yote ndani ya sekunde kumi. Mwenyewe aliamini anatunza betri, na hakuna aliyekuwa amemweleza. Tangu hapo kila anayeniletea gari msimu wa baridi namwonyesha pampu hiyo ikivuma kabla sijampa funguo.

MASWALI YA WANACHAMA

Dereva wa lori: Fundi, habari. Jana jioni nimejaza tangi, leo asubuhi dashibodi inasema AdBlue imekwisha. Nimeibiwa?

Jibu: Salama, ndugu. La hasha. Sensa ya kupima kina imeshikwa na barafu, haisomi kitu. Endesha, na tangi likiyeyuka geji itapanda. Onyo likibaki baada ya safari ndefu, hapo peleka gari lisomwe kwa kompyuta. Ila nina shaka na neno "nimejaza". Ulijaza hadi mdomoni?

Dereva wa lori: Hadi mdomoni, fundi.

Jibu: Basi injini ikiwa imepoa, chungulia chini ya tangi kama kuna uvujaji au alama nyeupe. Na safari ijayo acha nafasi.

Mwenye trekta: Mwalimu, trekta langu linalala bandani miezi mitatu ya baridi. Niimwage AdBlue yote iliyomo tanguni?

Jibu: Hapana, dada, isipokuwa kitabu cha trekta kiseme hivyo. Acha tangi likiwa na nafasi juu, funga mfuniko vizuri, liache ligande na kuyeyuka lipendavyo. Kabla ya kazi ya kwanza chukua sampuli upime kwa refraktomita ya AdBlue, kile kifaa kidogo cha kupimia kiasi cha yurea. Ikisoma kati ya asilimia 31.8 na 33.2, fanya kazi. Mimi ningekuhofia zaidi kama lingelala miezi mitatu ya joto.

Mwanachama mpya: Kama ni yurea na maji tu, kwa nini nisichanganye mbolea ya yurea nyumbani?

Jibu: Swali la haki, na huulizwa kila mwaka. Mbolea ina biureti nyingi (kemikali inayozaliwa yurea ikipata joto kali) na dawa za kuzuia isishikane mabonge. Kwenye AdBlue biureti haitakiwi kuzidi asilimia 0.3. Juu ya hapo huacha masalia magumu kwenye injekta na bombani. Maji ya bomba nayo yana kalisiamu na magnesiamu, na kila moja ina kikomo cha miligramu 0.5 kwa kilo. Ungejenga maabara nzima ili ufikie kilichomo ndani ya dumu la dukani.

Dereva wa gari dogo: Mkuu, msaada wa haraka. Gizani nimemimina dizeli kwenye tangi la buluu, kama lita moja. Sijawasha gari.

Jibu: Umefanya vyema kutowasha. Usifungue hata swichi, kwa sababu magari mengine huanza kusukuma pale pale. Dizeli huelea juu ya AdBlue, kwa hiyo sasa hivi bado iko juu tanguni na haijafika kwenye pampu. Ita gari la kuvuta, tangi livuliwe, lioshwe kwa maji yaliyoondolewa madini na kukaguliwa. Mafuta huvimbisha mipira ya kuzibia iliyomo kwenye pampu na injekta, na yakipita humo utabadilisha karibu mfumo wote.

Msaidizi wa gereji: Kaka, kuna unga mweupe kwenye mfuniko na kwenye viungo vya mipira. Ni ubovu?

Jibu: Ni yurea iliyokauka. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu, itayeyuka. Ikirudi mahali pale pale baada ya siku mbili tatu, kiungo hicho kinavuja. Iliyomwagika sakafuni ioshe pia, huteleza, na kwenye rangi ya gari au chuma tupu usiiache ikauke.

Dereva wa lori: Nimerudi, fundi. Tangi ni zima, geji imepanda baada ya kama dakika hamsini. La mwisho: nina dumu ndani ya kabini limeganda na kuyeyuka mara tatu wiki hii. Bado linafaa?

Jibu: Afadhali. Ndiyo, linafaa, kama muhuri haujafunguliwa na tarehe yake haijapita. Kuganda hakulipunguzii kitu. Ila ligeuze ulitazame chini, kwenye pembe, ndipo ufa mdogo huanzia, na ukiona hata unyevu tu, lihamishe leo kwenye dumu jingine safi la AdBlue.