Tiketi ya ndege ya kesho: Nairobi–Mombasa na Dar–Zanzibar bila kukamuliwa

Wengi huamini ndege ikikaribia kuruka na viti vitupu, shirika litavitupa kwa bei ya chee. Kwa ndege kubwa mambo ni kinyume. Viti vimegawanywa kwa ngazi za bei, na ngazi za chini hufungwa zikijaa au siku zikibaki chache. Shirika linajua kwamba anayenunua leo kusafiri kesho mara nyingi ana msiba, mgonjwa au kikao, na atalipa tu. Kwa hiyo tafuta ndege ambayo ngazi ya chini bado iko wazi.

Anza kwa kutafuta bei ya kiti kimoja, hata kama mko wanne. Tuseme vimebaki viti 2 vya shilingi 6,500 za Kenya na vinavyofuata ni 9,000. Ukiomba viti 4 kwa pamoja, mfumo unawapandisha wote hadi 9,000, kwa sababu hautafuti mchanganyiko. Nunua viwili, kisha viwili vingine, nawe umeokoa 5,000. Ubaya wake ni kwamba tiketi zimetengana: ndege ikifutwa, wawili wanaweza kupangiwa safari nyingine.

Halafu cheza na saa na mwelekeo. Ijumaa jioni kutoka Nairobi na Jumapili jioni kutoka Mombasa ndizo ghali. Jumanne na Jumatano, ya alfajiri au ya mwisho usiku, huwa na nafuu. Wiki ya kabla ya Krismasi watu wote wanateremka Pwani, basi anayepanda kwenda Nairobi siku hizo hukuta viti. Linganisha pia viwanja. Anayekwenda Diani asitazame kiwanja cha Ukunda peke yake: Mombasa ina ndege nyingi zaidi, na barabara ya Dongo Kundu inakwepa feri ya Likoni. Nairobi kuna viwanja viwili, Wilson na JKIA (Jomo Kenyatta), na kosa la kwenda kiwanja kisicho chako halirekebishiki kwenye foleni ya Mombasa Road.

Dar–Zanzibar ni habari nyingine. Vindege vya injini moja aina ya Cessna Caravan hubeba abiria kama 12, safari ni kama dakika 20, na bei zake huwa hazipandi kwa kasi hiyo. Hapa kupiga simu asubuhi, au kwenda kaunta yenyewe na kuuliza kama kuna nafasi, kuna maana. Ukikosa, boti ya kasi huchukua kama saa mbili.

Sasa stendibai, yaani kusubiri kiti kitakachoachwa wazi. Kwenda kiwanjani bila tiketi ukitumaini kiti cha bure-bure ni kupoteza nauli ya teksi: kwenye ndege kubwa utauziwa ngazi ya juu kabisa. Stendibai humfaa mwenye tiketi tayari anayetaka kuwahi ndege ya mapema. Fika saa mbili kabla ya ndege hiyo kuruka, nenda kaunta ya mauzo, uliza ada ya kubadilisha, na uombe jina lako liandikwe. Kaa karibu, kwani majibu hutoka kaunta ya abiria ikishafungwa, wale wasiotokea wakishajulikana. Beba begi la mkononi tu. Wakati huo hakuna wa kupokea mzigo.

Ukijua umechelewa, piga simu kabla ndege haijaruka. Kutotokea kimya kimya hutozwa zaidi ya kubadilisha, na kwenye tiketi nyingi za kwenda na kurudi, usiposafiri kipande cha kwanza, cha pili hufutwa chenyewe. Hili huwaumiza watu kila mwaka.

Ukilipa kwa simu, usiridhike na ujumbe wa pesa kukatwa. Hakikisha umepata msimbo wa nafasi yako wenye herufi na tarakimu 6, na kwa mashirika makubwa namba ya tiketi yenye tarakimu 13 (ya Kenya Airways huanza na 706, ya Air Tanzania 197). Bila hizo unaweza kuwa na nafasi iliyoshikiliwa tu, na muda wake ukiisha inaachiliwa.

Mwisho, pima begi nyumbani. Bei ya chini kabisa mara nyingi haina mzigo wa kupakia, na kulipia kilo kiwanjani humeza akiba yote. Kwenye vindege vidogo kikomo huwa kilo 15, na begi liwe laini: sanduku gumu halikunjiki kwenye buti lililo chini ya tumbo la ndege.