Mtoto hukupima kwanza, ndipo akuambie

Ni nadra sana mtoto aingie ofisini kwangu, aketi, asimulie ukatili wa kingono aliofanyiwa tangu mwanzo hadi mwisho. Nafanya kazi ya unasihi shuleni, na ninachokiona zaidi ni watoto wanaochungulia. "Mwalimu, mtu akifanya kitu kibaya kwa sababu ameambiwa na mkubwa, anachapwa?" Au: "Mimi sitaki tena kwenda kwa mjomba." Hapo anakupima. Ukijibu, "Adabu gani hiyo? Mjomba wako anakupenda," amepata jibu lake, na huenda asirudi tena.

Fikiria alichobeba. Anayemfanyia ukatili kwa kawaida ni mtu anayemjua, pengine ndiye anayemlisha. Ameambiwa kwamba akisema, mama ataugua, baba atafungwa, nyumba itavunjika. Alipewa zawadi akazipokea, basi anajiona naye ana hatia. Au yalimkuta mahali alipokatazwa kwenda. Mvulana anaogopa kuchekwa. Mdogo hana hata maneno ya kusemea. Mtoto kiziwi huenda mkalimani wake pekee ni huyohuyo anayemdhuru.

Lakini kizuizi ninachokichukia kuliko vyote tunakijenga sisi wenyewe, bila kujua. Redio inatangaza habari ya binti aliyebakwa, na mtu mzima sebuleni anasema, "Naye alikuwa anatafuta nini huko usiku?" Mtoto anayechora pale sakafuni amesikia. Ameshajua yakimkuta yeye atasemwaje.

Kwa hiyo anza mapema, siku ambayo hakuna shida yoyote. Mfundishe majina halisi ya viungo vyake vyote, bila kucheka. Mwambie hakuna mkubwa anayeruhusiwa kumpa siri inayohusu mwili wake. Asipotaka kumkumbatia mgeni, asalimie kwa mdomo, inatosha. Na mwambie waziwazi: "Hata kama nilikukataza, hata kama umekosea, niambie, sitakuchapa." Kisha siku atakapovunja glasi akaja kusema mwenyewe, timiza. Atakuamini kwenye kubwa kwa jinsi ulivyolipokea hilo dogo.

Usimkalishe umkazie macho. Watoto husema mikono ikiwa na kazi: mnakunja nguo, mnatembea, au taa imeshazimwa.

Akianza kusema, chunga uso wako. Akiona hasira atadhani umemkasirikia yeye. Akiona machozi atanyamaza ili asikuumize. Vuta pumzi. Mwambie: "Nakuamini. Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako." Halafu nyamaza umsikilize, hata ukimya ukirefuka. Swali likihitajika, uliza la wazi: "Halafu ikawaje?" Usimtilie maneno mdomoni, kama "Ni mjomba, siyo?", kwa sababu maswali ya namna hiyo huharibu ushahidi baadaye. Na "Kwa nini hukusema mapema?" lisitoke kabisa, hilo ni lawama iliyovaa nguo za swali. Huhitaji habari yote. Ukishajua ya kutosha kumlinda, acha. Wapo waliofunzwa kuwahoji watoto, na kumrudisha kila mara kwenye maelezo yaleyale ni kumtesa upya.

Atakuomba usimwambie mtu. Usiahidi. Mimi husema, "Nitawaambia wale tu wanaoweza kutusaidia, na nitakueleza kabla sijawaambia." Akishatoka, andika maneno yake kama alivyoyasema. Akisema "dudu," andika dudu, usimsahihishe kwenye karatasi.

Usimkabili mtuhumiwa, wala usikubali mambo yamalizwe kifamilia; atapata muda wa kumtisha mtoto. Nenda polisi au ustawi wa jamii. Kama ameingiliwa kimwili, hospitali kwanza: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea inazipunguzia nguvu. Kama ni tukio la karibuni, usimwogeshe kabla hajapimwa. Nguo alizovaa zisifuliwe. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi, maana nailoni huhifadhi unyevu unaoharibu ushahidi. Hata saa hizo zikiwa zimepita, mpeleke.

Kisha jiandae kwa jambo linalowachanganya wengi: huenda mtoto akakana. Mwaka 1983 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Roland Summit, aliandika kwamba watoto waliodhulumiwa kingono wanaweza kuchelewa kusema, wakasema kwa kusitasita, kisha wakafuta kauli. Mtoto akiona mama analia na ndugu hawasalimiani, "Nilidanganya" ndilo neno linaloonekana litarudisha amani. Kukana peke yake hakuthibitishi kwamba alisema uongo. Usimbane wala usimwapishe. Mjulishe anayeshughulikia kesi, na usikubali mtoto arudishwe kwa yule mtu mpaka uchunguzi ukamilike. Akikuuliza umewaambia nani, mtajie wote.