Mtu akikuuliza "jicho lilijitengeneza aje?" mjibu hivi

Swali hili la wanaopinga evolusheni, yaani viumbe kubadilika polepole kizazi hadi kizazi, utakutana nalo tu, kama sio stej ya boda basi nje ya kanisa au msikiti. Usianze na sokwe, watu wakisikia sokwe mjadala umekufa hapo hapo.

Kwanza mtoe kwenye neno bahati. Anadhani unamwambia jicho zima lilitokea siku moja, na ingekuwa hivyo basi ana haki ya kukucheka. Cha bahati ni mabadiliko madogo ya jeni (maelekezo ya mwili tunayorithi), mengi hayana maana, mengine yanaua, machache yanasaidia. Ila nani anabaki hai na kuzaa, hiyo sio bahati, anayemwona adui mapema kidogo anazaa zaidi na watoto wanarithi, inajirudia hivyo vizazi na vizazi.

Atakuuliza nusu jicho lina faida gani, na hapa ndio penye utamu, mtajie wanyama walio hai leo. Planaria, kimnyoo cha majini, ana vikombe tu vya seli za kuhisi mwanga, anajua unatoka upande gani basi, na maisha yanaenda. Nautilus wa baharini ana tundu lisilo na lenzi kabisa, maji yanaingia humo, lakini anapata picha hafifu. Hata lenzi yenyewe imejaa protini ambazo zamani zilikuwa na kazi nyingine kabisa kwenye seli. Mwaka 1994 wanasayansi Nilsson na Pelger wa Sweden walipiga hesabu ya kutoka tabaka bapa la seli za kuhisi mwanga hadi jicho kama la samaki, wakiweka makadirio ya chini makusudi, wakapata vizazi visivyofika 400,000. Uhai una zaidi ya miaka bilioni 3 bana.

Akisema sawa, lakini kitu kipya kinatoka wapi, mwambie jeni huwa zinajinakili kwa makosa, kopi moja inaendelea na kazi ya zamani na nyingine inabaki huru kubadilika. Sisi na nyani wa msitu wa Kibale, Uganda, tunatofautisha nyekundu na kijani kwa njia hiyo, jeni moja ilizaa mbili, bado zimekaa jirani kwenye kromosomu X. Ng'ombe wa Ankole hana hiyo ya ziada.

Ukiwa karibu na Ziwa Victoria tumia nkejje, wale samaki wadogo wa humo. Victoria ilikauka karibu miaka 15,000 iliyopita, ikajaa tena, na aina za nkejje zikafika mamia kabla sangara hajaletwa miaka ya 1950 akazifyeka nyingi. Upande wa Mwanza kuna aina mbili za nkejje zilizo ndugu, wa kina kirefu macho yake yanashika zaidi nyekundu na madume ni mekundu, wa juu madume ni ya bluu.

Atasema "bado ni samaki tu", mkubalie, muda wenyewe ni mfupi. Akirukia uhai wa kwanza ulitoka wapi, hilo litenge, evolusheni inaanzia pale ambapo tayari kuna kitu kinachojinakili.