Printa ya Zamani, Kompyuta Mpya na Adapta Katikati: Namna ya Kutafuta Kosa

Katika maduka ya jumla na ofisi ndogo za hapa Lamu, hasa zile zinazotoa stakabadhi ya nakala tatu kwa mara moja, printa ya sindano ya miaka ya 1990 bado ina kazi ambayo printa ya wino haiiwezi, kwa sababu sindano zinazogonga utepe ndizo pekee zinazofikisha maandishi hadi karatasi ya tatu. Shida huanza siku kompyuta ya zamani inapokufa. Kompyuta mpya haina lile tundu pana la pini 25, ina matundu ya USB tu, na muuzaji humkabidhi mteja adapta yenye plagi ya USB upande mmoja na kichwa kikubwa cha pini 36 upande wa pili. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye ameshaunganisha vyote hivyo, ameamuru kuchapa, na printa imekaa kimya au imetema alama zisizosomeka.

Kwanza ni vizuri kufahamu adapta inafanya nini hasa. Ndani yake mna chipu inayopokea data kutoka USB na kuitoa upya katika nyaya nane zilizo sambamba, baiti moja (yaani herufi moja) baada ya nyingine, huku ikingoja ishara ya printa kwamba iko tayari kupokea. Basi. Ni kama hamali wa gatini, ambaye hufikisha mzigo bila kujua kilichomo. Adapta haibadilishi lugha ya printa, haiundi mlango wa LPT1 (jina ambalo kompyuta huliita lile tundu la zamani la printa), na mara nyingi haiwezi kuiambia kompyuta jina la printa, kwa kuwa printa nyingi zilizoundwa kabla ya IEEE 1284, kiwango cha mwaka 1994 cha mawasiliano ya tundu hilo, hazina uwezo wa kujitambulisha. Mambo hayo matatu huachiwa mtumiaji, nayo ndiyo chanzo cha kesi nyingi ninazoletewa, ilhali adapta yenyewe ni nzima. Nalisisitiza hili kwa sababu kwetu kipuri hakinunuliwi dirisha la pili: huagizwa Mombasa, kikaja kwa basi hadi Mokowe, kisha kikavuka kwa boti. Aliyepima kwanza huokoa fedha na siku kadhaa.

Anza na printa yenyewe, ikiwa peke yake. Izime, chomoa kebo ya data, kisha iwashe huku umebonyeza kitufe cha kujipima. Kwa Epson LX-300, kwa mfano, kitufe hicho ni LF/FF kwa maandishi ya haraka, au Load/Eject kwa maandishi ya ubora. Printa ikichapa mistari ya herufi zake vizuri, basi kichwa, utepe, mota na umeme wake havina kosa, na hakuna haja ya kuvifikiria tena. Ikishindwa, hakuna adapta duniani itakayoiponya. Shughulikia printa kwanza.

Hatua ya pili ni viunganishi, na hapa pwani jambo hili si dogo. Chumvi ya hewani hutengeneza utando wa kijani au mweupe juu ya pini, na soketi ya printa iliyokaa miaka ishirini na kebo ileile inaweza kuonekana safi mpaka utakapoimulika kwa tochi. Zima printa kabla ya kuchomeka au kuchomoa kichwa cha pini 36, kwa maana muunganisho wa aina hii haukuundwa kuguswa umeme ukiwa unapita. Safisha kwa brashi laini na spiriti safi ya kusafishia vifaa vya umeme, subiri ikauke kabisa, kisha rudisha kichwa na ukifunge kwa vile vibanio viwili vya waya vya pembeni. Visipofungwa, uzito wa kebo hukivuta upande mmoja. Ikiwa adapta yako ina tundu la pini 25 badala ya kichwa cha pini 36, hakikisha kwamba hukuiunganisha na soketi ya mawasiliano ya mfululizo, kwa sababu baadhi ya printa zina soketi hiyo yenye umbo lilelile, lakini volti zake ni kubwa zaidi na zinaweza kuiunguza adapta.

Sasa washa printa kwanza, kisha ndipo uchomeke USB, kwa kuwa ziko adapta zisizojionyesha kabisa kwa kompyuta zinapoona printa imezimwa. Katika orodha ya vifaa vya Windows unatazamia kuona kifaa kiitwacho “USB Printing Support”. Kikionekana, adapta inaongea na kompyuta. Kisipoonekana, ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta bila kupitia kigawanya USB, na ikiwa kompyuta ina matundu madogo ya USB-C pekee, jaribu kiunganishi kingine cha kati, maana adapta juu ya adapta ni mahali pengi pa kulegea.

Kifaa kikishaonekana, usingoje Windows iongeze printa yenyewe. Iongeze kwa mkono, uchague mlango wa USB001, na kwa jaribio la kwanza chagua draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa) ya “Generic / Text Only”, ambayo hupeleka herufi tupu bila amri za picha wala fonti. Fungua Notepad, andika LAMU MJINI, kisha chapa. Ninaipenda njia hii kuliko ukurasa wa majaribio wa Windows wenye nembo na mapambo, kwa sababu maneno mawili yanayosomeka yanathibitisha njia nzima, na maneno mawili yaliyoharibika yanaeleza yalikoharibikia.

Tuchukue mfano. Kila herufi husafiri ikiwa na biti nane, yaani alama nane za sifuri au moja, kila biti katika waya wake, kuanzia pini ya 2 hadi ya 9. Ikiwa pini ya 2 haishiki, printa mara nyingi huisoma biti hiyo kama moja daima, na LAMU MJINI hutoka MAMU!MKIOI: L imepanda kuwa M, J imekuwa K, N imekuwa O, nafasi imekuwa alama ya mshangao, na zile herufi ambazo biti hiyo ilikuwa moja tangu mwanzo zimebaki salama. Pini hiyohiyo ikigusana na waya wa ardhi, biti husomwa sifuri, na LAMU inakuwa L@LT. Makosa yakifuata utaratibu wa namna hii kila unapochapa, usipoteze muda na draiva. Rudi kwenye pini na kebo. Yakibadilika kila mara, herufi zikiruka hapa leo na pale kesho, shuku kebo ndefu, kichwa kilicholegea au chipu ya adapta. Na ikiwa jaribio la herufi tupu ni safi lakini waraka wa kawaida hutoka kama msitu wa alama na karatasi zinakimbia, basi waya ni mzima na lugha ndiyo isiyoeleweka: umechagua draiva isiyo ya printa hiyo.

Mwenye LX-300 ana kipimo kikali zaidi. Akiwasha printa huku amebonyeza vitufe vyote viwili, LF/FF na Load/Eject, printa itachapa kila baiti inayoipokea kama namba za msingi wa 16 badala ya kuitii. LAMU inapaswa kuonekana 4C 41 4D 55. Ukiona 4D 41 4D 55, umeshajua biti iliyokwama.

Kuhusu draiva, zingatia idadi ya sindano. Printa za sindano 9 hufuata nasaba ya LX na FX, na zile za sindano 24 hufuata ya LQ. Ukizichanganya, maandishi yanaweza kupita lakini picha na mistari ya jedwali itavutika au kukatika. Windows 11 ni ya biti 64 tu, kwa hiyo draiva ya biti 32 iliyo kwenye diski ya zamani haitakubaliwa hata ikiwa ni halali na nzima. Kwa printa ya leza ya zamani inayoelewa PCL, mojawapo ya lugha za amri za printa, draiva ya ndugu yake wa lugha hiyohiyo kwa kawaida hutosha.

Kuna malalamiko ya aina nyingine: jana ilichapa, leo haichapi. Mara nyingi mtu amehamisha plagi kwenda tundu la pili la USB, na Windows imeunda USB002 wakati printa iliyosajiliwa bado inaelekezwa USB001. Fungua sifa za printa, nenda kwenye milango, ubadilishe. Hapohapo ondoa alama ya mawasiliano ya pande mbili, ambayo adapta nyingi haziyatekelezi vizuri. Mimi huweka doa la rangi ya kucha kwenye tundu sahihi. Ikiwa printa huchapa asubuhi na kunyamaza baada ya swala ya adhuhuri, zima mpangilio unaolaza matundu ya USB ili kuokoa umeme.

Programu ya zamani ya hesabu inayoandika moja kwa moja LPT1 inahitaji hila moja zaidi. Shiriki printa kwenye mtandao kwa jina fupi lisilo na nafasi, tuseme LX300, kisha katika dirisha la amri andika: net use lpt1 \\JINA-LA-KOMPYUTA\LX300 /persistent:yes. Hila hii haiiamshi programu ya DOS ya biti 16, ambayo Windows ya biti 64 haiiendeshi kabisa bila kiigizi, yaani programu inayoiga kompyuta ya zamani.

Kundi moja la printa nisingelipigania, nalo ni leza za bei nafuu za tundu sambamba ambazo hazina lugha yao wenyewe na hutegemea kompyuta ichore ukurasa mzima, huku programu yake ikiulizana na printa kila dakika kupitia mlango halisi wa LPT. Adapta haifikishi mazungumzo hayo. Kama kompyuta ya zamani yenye tundu la pini 25 bado inawaka, ibaki kando ya printa hiyo kwa kazi ya kuchapa tu, na faili zipelekwe kwake kwa flashi.